Gari la Wanachuo Lisidharauliwe

Mgeni anayefika Arusha kwa mara ya kwanza huvutwa macho na Mlima Meru, na hiyo ni haki yake. Lakini mwenyeji aliyeuzoea mlima huo anajua kwamba liko jambo jingine jijini humo linalostahili kutazamwa kwa makini, nalo ni kazi inayofanyika katika gereji na karakana zake. Gari aina ya Toyota Land Cruiser huletwa likiwa pikapu ya kawaida. Mafundi huikata chesisi yake, wakairefusha, wakaiunganisha upya, wakaipandishia bodi ya mabati iliyokunjwa papo hapo, kisha wakaitengenezea paa linaloinuka ili watalii wasimame na kuwatazama simba wa Serengeti bila kukanyaga chini. Gari lililoingia likiwa la kubebea mizigo hutoka likiwa la kubebea wageni, nalo huenda kupambana na mashimo na vumbi la Ngorongoro kwa miaka mingi.

Kazi hiyo si ndogo. Chesisi ni uti wa mgongo wa gari, na mtu anayeikata bila kujua anachokifanya huwa ameandaa ajali itakayotokea miezi sita baadaye, mahali asipokuwapo. Mafundi wa Arusha wanaifanya kazi hiyo, na wengi wao waliijifunza kwa kusimama kando ya fundi mkubwa, wakishika spana na kutumwa huku na kule, mpaka mkono ukazoea. Fundi wa namna hiyo anajua kwamba kiungo kinafaa kukatwa kwa mshazari badala ya kukatwa wima, na kwamba hakina budi kuongezewa bamba la kukishikiza. Akiulizwa sababu yake, atajibu kwamba ndivyo alivyofundishwa. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi siku atakapoletewa gari la aina nyingine ambalo mwalimu wake hakupata kuliona.

Katika jiji hilo hilo, umbali usiozidi nauli ya daladala moja, wako vijana wanaoweza kueleza kwa tarakimu nguvu inayopita katika kila pembe ya chesisi hiyo. Wamezichora kwenye madaftari, wamezikokotoa na wamezifanyia mitihani. Lililo adimu ni kijana wa namna hiyo ambaye amewahi kulikata bomba kwa mkono wake, akalichomelea, akalipandia, akaliendesha, na kulisikia likilia chini yake kwa sababu hesabu aliyoifanya usiku uliotangulia ilikuwa na kosa.

Hapo ndipo penye pengo, na pengo hilo lina gharama. Taifa lina mafundi wanaojua bila kuweza kueleza, na lina wasomi wanaoeleza bila kuwahi kutenda. Njia za kuwakutanisha watu hao wawili ni nyingi, lakini iko moja ambayo imejaribiwa katika nchi kadhaa ikafaulu, nayo haijapewa uzito unaoistahili hapa nchini. Njia hiyo ni kuwapa wanachuo kazi ya kuunda gari zima tangu mwanzo: dogo, jepesi, la viti viwili au hata kiti kimoja, la aina ile ya magari ya michezo yanayokimbia na kupinda kona kwa wepesi. Mahali panapofaa kuianza kazi hiyo ni Arusha.

Wapo watakaoguna mara moja. Watasema kwamba gari la michezo ni anasa ya matajiri wa ng'ambo, na kwamba si haki vijana wanaosomeshwa kwa jasho la wakulima wakae wakitengeneza chombo cha kukimbizana, wakati ambapo mama wa Meru anashuka na mkungu wa ndizi kichwani hadi soko la Tengeru, na maziwa ya Nkoaranga yanachelewa kufika mjini kwa sababu ya ubovu wa njia. Watauliza kwa nini vijana hao wasiunde trekta, au toroli, au mashine ya kupukuchulia mahindi.

Hoja hiyo ni nzito, na anayeipuuza hawatendei haki wananchi. Ni kweli kwamba mashine za kilimo ndizo zinazohitajika zaidi. Ndiyo maana Arusha ina CAMARTEC, kituo kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na ufundi wa vijijini, ambacho wananchi wengi wanakifahamu kwa mitambo yake ya gesi ya samadi. Ndiyo maana vilevile ina TEMDO, shirika lililoundwa mwaka 1980 kusanifu mitambo ya viwandani. Kazi ya vyombo hivyo ni kutengeneza vitu vitakavyotumika. Kazi ya chuo ni kutengeneza watu. Kipimo cha mradi wa wanachuo, kwa hiyo, kisiwe kama chombo chenyewe kitauzwa, bali ni mambo gani yatakayobaki ndani ya kichwa na mikono ya kijana baada ya chombo hicho kukamilika.

Kwa kipimo hicho gari jepesi la mwendo wa kasi ni mwalimu mkali kuliko wengine wote. Lori husamehe. Fundi akiliongezea lori kilo 100 za chuma kwa sababu hakuwa na hakika na hesabu zake, hakuna atakayegundua. Toroli nalo husamehe, kwani mwendo wake ni wa mtu anayetembea. Gari lenye uzito wa kilo 250 halisamehi kitu. Kila kipande kisichohitajika hujionyesha, na kila kipande kilichopunguzwa kupita kiasi huvunjika. Tena mwendo wenyewe hufundisha: gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa halihitaji breki zenye nguvu maradufu ya lile linalokwenda 40, bali linabeba nguvu mara nne, na litahitaji umbali mara nne ili lisimame. Mwanafunzi anaweza kuikariri kanuni hiyo kwa ajili ya mtihani na kuisahau Desemba. Lakini yule aliyeikokotoa kwa ajili ya breki ambazo rafiki yake atazikanyaga Jumamosi ijayo hataisahau maishani.

Mifano ya jambo hili si ya kubuni. Mwaka 1948, London, kijana Colin Chapman aliyesomea uhandisi katika chuo kikuu cha mji huo alichukua Austin Seven kuukuu, akalivua bodi, akalijenga upya ndani ya banda la nyumba ya wazazi wa mchumba wake. Kutokana na gari hilo ilizaliwa kampuni ya Lotus, ambayo magari yake baadaye yalishinda mashindano makubwa ya dunia. Chapman hakuwa na kiwanda wala mtaji wa kutajwa. Alichokuwa nacho ni elimu ya miundo ya vyuma, na ukaidi wa kutoongeza uzito mahali ambapo hesabu haikuuhitaji.

Mfano wa pili unafaa zaidi kwa sababu unahusu shule. Ron Champion alikuwa mwalimu katika shule ya Oundle, Uingereza, na katika karakana ya shule hiyo wanafunzi waliunda magari madogo ya michezo kwa mabomba ya chuma na vipuri vya Ford Escort zilizochakaa. Mwaka 1996 alichapisha kitabu kilichoeleza hatua kwa hatua namna ya kuunda gari la aina hiyo kwa pauni 250 tu. Wapo waliobisha juu ya bei hiyo, na pengine walikuwa na sababu, lakini maelfu ya watu katika nchi mbalimbali walikifuata kitabu hicho na magari yao yakatembea.

Jambo la kuzingatiwa hapa ni bomba lenyewe. Fremu ya magari hayo huundwa kwa mabomba ya mraba yenye upana wa milimita 25 hivi. Mkazi yeyote wa Ngarenaro au Unga Limited analijua bomba la namna hiyo, kwa sababu ndilo linalotengenezewa mageti na nondo za madirisha katika kila kibanda cha kuchomelea. Tena fundi wa mageti anajua siri ambayo ndiyo msingi wa fremu yote ya gari la michezo. Anajua kwamba geti la pembe nne likiachwa hivi hivi litalala upande, na kwamba dawa yake ni bomba moja la mshazari kutoka pembe hadi pembe. Pembe tatu hazilali. Mwanafunzi wa uhandisi huambiwa jambo hilo hilo kwa lugha ya vekta na milinganyo. Fundi wa geti na mwanachuo wakisimama mbele ya fremu moja, kila mmoja atagundua kwamba mwenzake alikuwa akilisema neno lake kwa lafudhi nyingine.

Huko Marekani jambo hili lilipewa utaratibu tangu mwaka 1981, pale chama cha wahandisi wa magari cha nchi hiyo kilipoanzisha mashindano ya vyuo. Uingereza ilifuata mwaka 1998, na sasa mashindano ya namna hiyo hufanyika katika mabara kadhaa. Kila chuo huunda gari moja la kiti kimoja. Wasioyafahamu hudhani kwamba ni mbio tu, kumbe sivyo. Kati ya alama 1,000 zinazotolewa, takribani theluthi moja hutolewa gari likiwa limesimama: wanafunzi huhojiwa na wahandisi kwa nini walichagua muundo huu na si ule, huulizwa gharama ya kila kipande, na hutakiwa kueleza namna gari lao lingeweza kutengenezwa kwa wingi. Gari lisiloweza kufunga magurudumu yote manne breki zikikanyagwa haliruhusiwi kushindana. Dereva asiyeweza kutoka ndani ya sekunde 5 haruhusiwi. Mwisho huja mbio za uvumilivu za kilometa 22 hivi, na hapo magari mengi huzimika njiani kwa sababu ya skrubu moja iliyolegea au waya mmoja uliochubuka. Vijana hulia. Mwaka unaofuata hufunga skrubu zao vizuri zaidi.

Lakini yafaa kurudi Afrika Mashariki, kwa kuwa hapa nako kuna mafunzo, na mengine ni machungu.

Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi wa Kenya alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama lingekuwa bovu na la mwendo wa pole. Wahandisi waliitikia, na mwaka 1990 gari lililoitwa Nyayo Pioneer lilionyeshwa kwa wananchi. Yaliundwa magari matano ya mfano, na mwendo wake ulifikia kilometa 120 kwa saa. Kwa kazi ya watu waliokuwa wakianza, hilo lilikuwa jambo la kujivunia, na wanaolicheka leo hawajui wanachokicheka. Kosa lilikuja baadaye. Likaundwa shirika la kuyatengeneza magari hayo kwa wingi kabla mtaji, soko na viwanda vya vipuri havijapatikana. Shirika likakwama, likabadilishwa jina na kazi, na magari yale matano yakabaki kuwa mfano wa kushindwa, ilhali yalikuwa mfano wa kufaulu. Gari la mfano lililofaulu lilihukumiwa kwa makosa ya kiwanda ambacho hakikuwahi kuwapo.

Waganda walikwenda kwa hatua fupi zaidi. Wanafunzi na walimu wa Makerere walishiriki kwanza katika mradi wa pamoja wa vyuo vya nchi mbalimbali, wakishughulikia sehemu tu ya gari lililoonyeshwa Italia mwaka 2008. Waliporudi nyumbani, chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, waliunda gari lao wenyewe, Kiira EV, lenye viti viwili na kuendeshwa kwa umeme, ambalo lilitembea Kampala mwaka 2011. Lilikuwa na uwezo wa kwenda kilometa 80 hivi kabla ya kuchajiwa upya. Mwaka 2014 likafuata gari la pili, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye paa la kunasa nguvu ya jua. Kutokana na mradi huo ilizaliwa kampuni ya Kiira Motors ambayo kiwanda chake kimejengwa Jinja. Wapo wanaolaumu fedha za serikali zilizotumika na miaka iliyopita kabla ya mabasi kuonekana barabarani, na lawama hizo zina mahali pake. Hata hivyo haiwezekani kukana kwamba vijana waliochomelea gari la viti viwili wakiwa wanafunzi walifika mahali pa kusanifu basi.

Tanzania yenyewe si ngeni katika jambo hili. Mradi wa Nyumbu huko Kibaha ulianza mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya jeshi, kwa lengo la kuunda lori linalofaa barabara za nchi hii. Uliundwa wakati mgumu, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikiwa vimeinyonya nchi na fedha za kigeni zikiwa adimu kama mvua ya kiangazi. Hata hivyo malori yaliundwa na kutembea. Na mwaka 2022 mchoraji wa katuni Masoud Kipanya alizindua jijini Dar es Salaam gari dogo la umeme lililoundwa hapa nchini. Mtu ambaye riziki yake ilikuwa kalamu ya kuchorea katuni alifanya jambo ambalo vyuo kadhaa vyenye mashine za kukereza na stoo zilizojaa vifaa havijalifanya. Walio katika vyuo hivyo wangefaa kulitafakari jambo hilo wakiwa peke yao.

Kwa nini basi Arusha? Kwanza kwa sababu ya Chuo cha Ufundi Arusha, kilichojengwa kwa msaada wa Ujerumani na kufunguliwa mwaka 1978, ambacho wenyeji bado wanakiita Tekniko. Ufundi wa magari umekuwa miongoni mwa masomo yake. Pili kwa sababu ya Taasisi ya Nelson Mandela iliyoko upande wa Tengeru, iliyoanza kupokea wanafunzi wa shahada za juu za sayansi na uhandisi mwaka 2011. Tatu kwa sababu ya gereji za magari ya watalii zilizokwisha kutajwa, ambazo baadhi yake zimekwenda hatua nyingine: wako mafundi jijini humo wanaotoa injini ya dizeli ndani ya Land Cruiser na kuweka mota na betri, ili gari liingie mbugani bila kelele. Ni nadra kukuta mambo hayo yote katika mji mmoja.

Sababu ya nne ni mlima. Arusha iko meta 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Injini ya petroli isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu zake kwa kila meta 100 za mwinuko, maana yake ni kwamba injini iliyofungwa Arusha huwa imekwisha kupoteza sehemu moja ya saba ya nguvu zake kabla haijaondoka karakanani. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hiyo haipotezi kitu. Kijana anayetaka kuamua kati ya petroli na umeme ana maabara ya bure mbele ya dirisha lake. Akihitaji kupima breki, ana mteremko wa kutoka Ilboru. Akitaka kujua kama springi na shokapu zake ni za kweli au za maonyesho, ana njia za mawe meusi ya volkeno ambazo hazina huruma kwa mtu. Hata wazee wanaokumbuka mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na ambayo kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, watakubali kwamba barabara za sehemu hizi ndizo zilizowapima watengenezaji wa Ulaya. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mashindano hayo mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, gari la kawaida la familia lililoandaliwa vizuri.

Kuunda gari tangu mwanzo, yafaa ieleweke, si kuyeyusha chuma wala kutengeneza injini. Chapman hakufanya hivyo, wala Champion, wala Makerere. Injini, giaboksi, difu, breki na usukani vitatoka katika gari lililoanguka au kuchakaa, na magari ya namna hiyo hayakosekani nyuma ya gereji yoyote. Matairi yatanunuliwa, na hapo mwananchi wa Arusha ana haki ya kusikitika, kwani jiji hilo lilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, ambacho kilisimama na mitambo yake ikanyamaza. Kitakachokuwa cha wanachuo ni ubongo wa gari: fremu, mikono ya springi, mpangilio wa uzito, mahali anapokaa dereva, bodi, na uamuzi wa kila kipande kiwe wapi na kwa nini.

Uamuzi huo uandikwe. Hili ni jambo dogo linaloweza kuharibu mradi mzima. Katika karakana nyingi za nchi hii maarifa hufa pamoja na fundi, kwa sababu hakuna daftari. Kila bomba la gari hilo liwe na ukurasa wake: nani alilikata, kwa kipimo gani, alikosea wapi, na alirekebishaje. Kurasa za makosa ndizo zitakazosomwa zaidi na watakaofuata.

Mafundi wa gereji nao wasialikwe kama wageni wa heshima wa kukaa kiti cha mbele siku ya uzinduzi. Waajiriwe kama walimu, kwa malipo, na majina yao yaandikwe katika daftari hilo pamoja na ya wahadhiri. Iko kasumba ya kudhani kwamba mtu asiye na cheti hana la kumfundisha mwenye shahada. Fundi aliyechomelea chesisi 200 anajua namna chuma kinavyojikunja kinapopoa, na anajua aanze kuchomelea upande gani ili fremu isipinde. Hakuna mwanachuo aliyelipata jambo hilo katika mhadhara. Na fundi naye, akikaa na vijana kwa mwaka mmoja, ataondoka akijua ile sababu aliyokuwa hawezi kuieleza, na gari la aina ngeni likiletwa kwake halitamtisha.

Wasichana wasiachwe nje kwa kupewa kazi ya kuandika risala na kuhudumia wageni. Wawepo wanaochomelea na wanaofunga difu, na awepo msichana atakayeliendesha.

Wakuu wa nchi na wa mkoa wanaweza kuusaidia mradi wa namna hii kwa njia moja kubwa, nayo ni kutoupangia tarehe. Kila mara gari la wanafunzi linapotakiwa liwe tayari kwa ajili ya sherehe fulani, breki huachwa nyuma na rangi hutangulia. Waiter wa vyuo wanajua shinikizo hilo, na wachache wana ujasiri wa kumwambia kiongozi kwamba gari bado. Vilevile yasitolewe maneno ya kiwanda. Siku gari la kwanza litakapotembea mita 500 uwanjani, atatokea mtu wa kutangaza kwamba sasa Tanzania itauza magari nje. Kenya imekwisha kulipa ada ya somo hilo, na hakuna sababu ya kulipa mara ya pili.

Fedha zitaulizwa, na ni sawa ziulizwe. Mradi huu ukihitaji kupunguza chakula cha wanafunzi au vitabu vyao, usubiri. Lakini vyuo hutumia fedha nyingi kila mwaka kwa miradi ya mwisho ya wanafunzi ambayo huonyeshwa siku moja, ikapigwa picha, kisha ikatupwa nyuma ya stoo: kila kijana na kijisanduku chake chenye taa mbili. Wanafunzi 20 wakiunganisha fungu hilo katika kazi moja, wakagawana sehemu, wengine breki, wengine fremu, wengine umeme, wengine gharama na ununuzi, watapata pia somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kipande cha mtu mmoja lazima kikutane na cha mwenzake, na shimo la bolti halijali nani alikuwa rafiki ya nani.

Gari hilo lisiendeshwe barabarani. Barabara kuu ya kwenda Moshi ina malori na bodaboda za kutosha, na maisha ya kijana mmoja ni ghali kuliko mradi wote. Liendeshwe mahali palipofungwa, dereva akiwa na kofia ngumu na mkanda, zimamoto ikiwa karibu, na mtu mzima mwenye madaraka ya kusema "simama" na akasikilizwa.

Likishatembea, watu watataka liwekwe katika viwanja vya Nane Nane pale Njiro, lipambwe, lizungushiwe kamba, na watoto wakatazwe kuligusa. Likae huko kwa majuma hayo machache, kwa kuwa wazazi wa vijana hao nao wana haki ya kuliona. Kisha lirudishwe karakanani, na darasa linalofuata likabidhiwe spana pamoja na lile daftari, lilifungue gari lote bolti baada ya bolti, lipime upya kila bomba, litafute lilipopasuka na lilipopinda, na kuanza kuchora la pili.